Bunia: Ukifukuzwa kazi, dosie yako inaenda biro gani?

Katika muji wa Bunia, mufanyakazi akipoteza kazi, ndugu na majirani mara nyingi wanamuambia neno moja: «Enda CNSS, si walikuwa wanakukata kila mwezi?» Anaenda, anapanga mustari, kisha anarudi mikono mitupu. Watumishi wa pale hawakumunyima haki yake. Sheria ya Kongo haina malipo ya mutu mwenye kukosa kazi. Haki zake zingine ziko, lakini zinadaiwa kwenye biro ingine, na wakati wa kuzidai unahesabiwa. Kwa mushahara ambao haukulipwa, ni mwaka moja tu.

Hili jambo limegusa watu wengi tangu Januari 2025, wakati serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje na ONG zilizotumia ile feza zikapunguza wafanyakazi. Lakini mbele ya hapo pia, vita katika Djugu, Irumu na Mambasa ilikuwa inafunga maduka, machimbo ya zahabu na miradi. Hapa chini kunafasiriwa namna mambo yanatembea: kila biro inafanya nini, inaomba karatasi gani, na mufanyakazi anaanzia wapi.

18% inaenda wapi?

CNSS, Caisse Nationale de Sécurité Sociale, njo shirika la serikali linalochunga michango ya wafanyakazi wa kampuni, ONG, maduka na waajiri wengine wa binafsi. Zamani iliitwa INSS. Ilibadilishwa jina na muundo katika mwaka wa 2018. INSS yenyewe ilianzishwa kwa amri-sheria ya 29 Juni 1961, mwaka moja kisha uhuru, kwa kuunganisha kasha tatu za wakati wa Wabelji: kasha ya pansio ya wafanyakazi, kasha ya malipo ya familia, na mufuko wa wale waliopata ulemavu. Leo sheria namba 16/009 ya 15 Julai 2016 inaendelea kushugulikia mambo ya namna hiyo: pansio, familia, na hatari za kazi.

Kila mwezi, kwa mushahara wa mufanyakazi kunahesabiwa muchango wa 18%. Mufanyakazi anakatwa 5%, na mwajiri anaongeza 13% kutoka mufuko wake mwenyewe. Hivi njo inagawanyika:

- 10% inaenda kwa pansio ya uzee, ya ulemavu, na ya wajane na yatima. Nusu ni ya mufanyakazi, nusu ni ya mwajiri.
- 6,5% inaenda kwa malipo ya familia. Inalipwa na mwajiri peke yake.
- 1,5% inaenda kwa aksida za kazi na magonjwa yanayoletwa na kazi. Hiyo pia inalipwa na mwajiri peke yake.

Tuseme sentineli wa duka moja katika Bunia analipwa franka 650 000 kwa mwezi. Anakatwa 32 500, mwajiri anaongeza 84 500, na CNSS inapaswa kupokea 117 000. Ndani ya hizo 117 000 hakuna hata franka moja inayowekwa juu ya siku atakosa kazi.

Lakini ile miezi aliyolipiwa haipotei. Pansio ya uzee inaomba miaka 60 ya kuzaliwa na miezi 180 ya kulipiwa, ni kusema miaka 15. Mutu akifukuzwa na miaka 45, akiwa na miezi 130, ile miezi inabakia kwa jina na namba yake. Akipata kazi ingine yenye kutangazwa kwa CNSS, inaongezeka. Akifika miaka 60 bila kutimiza 180, anapewa malipo ya mara moja tu, pahali pa pansio ya kila mwezi.

Kwa hiyo kwenda CNSS kisha kufukuzwa haiko kazi bure. Anayeenda aulize swali lenye biro inaweza kujibu: «Kwa namba yangu, kuko miezi ngapi?» Kuna wale ambao siku hiyo njo wanajua kwamba 5% ilikuwa inakatwa kwa fishi ya mushahara lakini haikufika. Ile 5% haiko feza ya mwajiri. Yeye ni mwenye kuikata na kuipeleka tu, na CNSS iko na wakaguzi wa kumufuata. Kujua hilo na miaka 45, wakati duka lingali wazi na mwenyewe anaonekana, ni tofauti na kulijua na miaka 60, wakati mwajiri alishafunga ao alishakufa.

Sababu gani malipo ya kukosa kazi hayako

Katika mwaka wa 1952, Shirika la Kazi la Dunia (OIT) lilikubali mapatano namba 102. Yanataja sehemu tisa za ulinzi wa mufanyakazi: matunzo ya hospitali, ugonjwa, kukosa kazi, uzee, aksida za kazi, familia, uzazi, ulemavu, na wenye kubakia kisha kifo. Inchi ikitia sinyature inaweza kuchagua sehemu zile inaona itaweza. Inchi yetu, iliyokuwa ingali Zaïre, iliingia katika mapatano hayo katika mwaka wa 1987 na ilichagua ine: uzee, familia, ulemavu, na wenye kubakia. Sehemu ya kukosa kazi ilibakia inje. Sheria ya 2016 haikuiingiza.

Kuanzisha malipo ya namna hiyo kunaomba zaidi ya feza. Biro inayopokea dosie ya mutu aliyefukuzwa inapaswa kupata jibu la maswali matatu: aliingia kazi lini na kutoka lini, alikuwa analipwa ngapi, na kazi imeisha juu ya sababu gani. Pahali kila mutu eko na kontra, fishi ya mushahara na namba, hayo majibu yanapatikana ndani ya siku chache. Katika Bunia, ambako wengi wanafanya kazi kwa neno la kinywa, kila dosie ingekuwa mabishano.

Inchi za majirani zinaonyesha namna mbalimbali. Tanzania iko na kile kinaitwa fao la kukosa ajira, kilicholetwa na mabadiliko ya mwaka wa 2018. Mwanachama aliyechangia miezi 18 ao zaidi, na ambaye hakuacha kazi kwa mapenzi yake, anaweza kupata 33,3% ya mushahara kwa miezi sita. Kule, barua ya mwajiri inayoonyesha sababu ya kumaliza kazi njo inabeba dosie yote. Uganda haina malipo ya namna hiyo. NSSF yao inaruhusu mwanachama mwenye kufikisha miaka 50, na mwenye kukaa mwaka moja bila kazi, kutosha akiba yake. Afrika ya Kusini iko na mufuko wa pekee, UIF, ambako mufanyakazi anatoa 1% na mwajiri 1%.

Mukongomani wa Aru ao wa Mahagi aliyefanya kazi ngambo ya mupaka kwa kontra na namba ya NSSF, asisahau hiyo namba. Ile akiba iko chini ya sheria ya inchi alimofanyia kazi, na inadaiwa kule.

Kile mwajiri anapaswa kulipa

Kwa kuwa kasha ya kukosa kazi haiko, ulinzi wa kwanza wa mufanyakazi wa Kongo uko kwa mwajiri mwenyewe, kupitia Kode ya Kazi. Hiyo ni sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya 15 Julai 2016.

Kwanza, sababu. Mwajiri hawezi kufukuza mutu mwenye kontra ya wakati usiojulikana bila sababu ya kweli. Sababu inapaswa kutoka kwa uwezo wa mufanyakazi, mwenendo wake, ao mahitaji ya kampuni. Na inapaswa kuandikwa. «Kesho usirudie tena» ya kwenye mulango haiko barua.

Pili, preavi, ni kusema muda wa kujulisha mbele. Mwajiri akifukuza, preavi haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, na inaongezeka siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mufanyakazi akiacha mwenyewe, anatoa nusu ya muda huo. Mwajiri akitaka mutu aondoke leo leo, anamulipa zile siku.

Tatu, siku za konje ambazo hakuchukua. Sheria inatoa angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano kwa mwajiri ule ule. Zile hazikutumiwa zinalipwa kwa feza.

Turudie kwa yule sentineli wa franka 650 000. Amefanya miaka ine na miezi saba. Mwenye duka anafunga na anamuambia abakie nyumbani. Tukihesabu siku 26 za kazi kwa mwezi, siku moja ni franka 25 000. Hesabu yake ya mwisho, ile inaitwa dekonti finali, inakuwa hivi, mbele ya makato:

- Preavi: siku 14, na siku 7 mara miaka ine, jumla siku 42. Inafanya franka 1 050 000. Ile miezi saba ya juu haihesabiwe hapa, sababu sheria inaangalia mwaka kamili.
- Konje: tangu konje ya mwisho kumepita miezi saba, basi siku 7. Inafanya franka 175 000.
- Mushahara wa mwezi ule amemaliza: franka 650 000.

Jumla ni franka 1 875 000. Kama kontra ao mapatano ya kampuni inatoa zaidi, ile ya zaidi njo inafuatwa. Hizo feza zinapaswa kulipwa ndani ya siku mbili za kazi kisha kazi kwisha. Wafanyakazi wengi wanapewa mushahara wa mwezi wa mwisho tu, wanasema aksanti, na wanaenda. Kwa huyu sentineli, hiyo ingekuwa kuacha franka 1 225 000 nyuma.

Kosa kubwa, ile wanaita fote lurde, linaruhusu mwajiri kufukuza bila preavi. Lakini anapaswa kumujulisha mufanyakazi kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu siku alijua lile kosa. Na hata hapo, siku zenye zilifanywa na konje ambayo haikuchukuliwa zinabakia deni.

Mbele ya kutia sinyature kwenye dekonti, kuisoma ni lazima, hata kama karani anaharakisha. Kama hesabu haikubaliki, mufanyakazi anaandika kwa mukono wake karibu na sinyature kwamba amepokea lakini hakubali jumla, na anatia tarehe.

Kontra ya ONG, kazi ya siku kwa siku, na kazi bila karatasi

ONG nyingi za Bunia zinatoa kontra yenye tarehe ya mwisho. Kontra kama hiyo ikifika tarehe yake, inaisha yenyewe bila preavi. Mambo yanabadilika kama mwajiri anaikata mbele ya tarehe bila haki. Hapo malipo yanahesabiwa kwa mishahara na faida zingine ambazo mufanyakazi angepata mupaka mwisho wa kontra. Mutu aliyekatwa mwezi wa Marchi na kontra ya mupaka Septemba, swali lake ni miezi sita, haliko preavi. Kama ndani ya kontra kuko maneno yanayosema kazi inategemea feza ya mufazili, hayo maneno yapelekwe kwa inspekteri wa kazi pamoja na barua, kusudi aangalie kama yanafaa mbele ya sheria.

Kwa wale wa siku kwa siku, wapakizi wa gari, wajenzi, wasaidizi wa depo, Kode iko na sheria ambayo watu wachache wanaijua. Mutu akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na mwajiri akamuita tena mbele ya hiyo miezi miwili kwisha, kontra mupya inahesabiwa kuwa ya wakati usiojulikana. Toka hapo, mambo ya preavi na sababu ya kufukuza yanamuhusu yeye pia. Shida ni kuonyesha zile siku 22. Daftari ndogo yenye tarehe, pahali, na feza iliyopokelewa, pamoja na wenzake wenye kushuhudia, inaweza kusaidia.

Na yule hakuandikiwa kitu? Sheria inasema kontra inapaswa kuandikwa. Ikikosekana, inafikiriwa kuwa ya wakati usiojulikana, na mufanyakazi anaweza kuonyesha kwa njia zote kwamba alifanya kazi pale: mashahidi, ujumbe wa telefone, malipo ya mobile money, picha, beji, karatasi za kutoa bidhaa zenye sinyature yake. Kukosa karatasi kunafanya kazi ya kudai kuwa ngumu zaidi, lakini hakufuti haki.

Vita nayo iko na pahali pake. Kazi ikisimama juu ya nguvu ambayo mwajiri hawezi kuizuia, kama kukimbia kwa wakaaji ao barabara kufungwa, kontra inasimamishwa. Kusimamishwa haiko kuvunjwa. Mwajiri anayetaka kumaliza kontra kabisa anapaswa kuandika hivyo na kufuata njia ya sheria. Mufanyakazi aliyekimbia aulize kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa telefone: kontra yangu imesimamishwa ao imevunjwa? Jibu lile litaamua mengi.

Kwa inspekteri wa kazi: dosie inatembea namna gani

Mufanyakazi na mwajiri wakikosa kusikilizana, hakuna kuruka moja kwa moja kwenye tribinali. Sheria inaomba wapitie kwanza kwa inspekteri wa kazi wa eneo ambamo kazi ilifanyiwa. Tribinali haipokei shitaka la kazi ambalo halikupitia pale.

Mufanyakazi anaandika barua. Haiombi Kifaransa cha muwalimu. Inaomba jina lake na namba ya telefone, jina la mwajiri na pahali anapatikana, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kazi aliyofanya, mushahara wa mwisho, sababu aliyopewa, na orodha ya vile anadai na hesabu ya kila kimoja. Anafanya fotokopi mbili: moja inabakia biro, ingine inarudi naye ikiwa imepigwa kashe na tarehe ya kupokea. Ile fotokopi yenye kashe njo inaonyesha kwamba alikuja kwa wakati.

Inspekteri anaita pande mbili kwa barua. Siku ya kuonana, anasikia kila mumoja, anaangalia karatasi, na anajaribu kuwapatanisha. Wakipatana, anaandika PV ya kupatana: nani analipa nini, na tarehe gani. Wakipatana nusu tu, inaandikwa vile. Wakikosa kupatana, ao mwajiri akikataa kuja, anaandika PV ya kukosa kupatana. Watu wengine wanaona hiyo PV ya pili kama kushindwa. Kumbe njo ufunguo wa mulango unaofuata, na mufanyakazi asitoke bila kuuliza kopi yake.

Inspekteri haiko jaji. Hawezi kumulazimisha mwajiri alipe jioni ile. Lakini mabishano mengi yanaweza kuisha pale, juu mwajiri anaona hesabu imepangwa vizuri na anajua kile tribinali inaweza kuongeza. Kwa sababu hiyo, dosie yenye karatasi tano zenye kupangwa kwa tarehe inafika mbali kuliko hasira ya masaa mawili.

Mufanyakazi anaweza kusindikizwa na mujumbe wa sendika. Sendika kubwa za inchi, kama UNTC, CDT na CSC, zimezoea kuandika hizo barua na kusimama pamoja na wafanyakazi. Na pahali popote biro inaomba feza, mwenye dosie aombe kitansi.

Tribinali na kalendari

Sheria namba 016/2002 ya 16 Oktoba 2002 iliunda tribinali za kazi. Pahali hazijawekwa, kesi za kazi zinasikiwa na Tribunal de Grande Instance. Etat de siège, iliyoanza Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, ilipeleka kesi za makosa ya jinai kwa majaji wa kijeshi. Mabishano ya kontra ya kazi hayako ndani ya zile kesi. Yanabakia kwa majaji wa kiraia.

Jaji akiona mutu alifukuzwa bila sababu ya kweli, anaweza kuamuru arudishwe kazini. Kama harudishwe, jaji anaamua malipo ya kufidia hasara, ambayo hayawezi kupita mishahara ya miezi 36. Anaangalia aina ya kazi, miaka ya utumishi, na umri wa mufanyakazi. Miezi 36 ni mupaka wa juu. Hakuna anayeipata kwa sababu tu aliiomba.

Sasa kalendari. Madai ya kontra ya kazi kwa kawaida yanakufa kisha miaka mitatu. Lakini madai ya mushahara yanakufa kisha mwaka moja, kuhesabu tangu siku ambayo mushahara ulipaswa kulipwa. Kila mwezi uko na saa yake. Mutu ambaye hakulipwa tangu Januari mupaka Juni, mwaka unaofuata, mwezi wa Januari njo unaanguka kwanza, kisha Februari, kisha Marchi. Mwajiri anayesema «vumilia, feza inakuja» anaweza kuwa anasema kweli, lakini wakati ule saa inatembea. Mutu anaweza kuvumilia na kuwa ameshaweka barua yake kwa inspekteri.

ONEM na INPP

ONEM, Office National de l'Emploi, iliundwa kwa dekre ya 3 Julai 2002. Kazi yake ni kuandikisha wenye kutafuta kazi na kuwaunganisha na waajiri. Haitoi feza kwa mutu mwenye kukosa kazi. Mutu anaenda na kitambulisho, CV, diploma zake na vyeti vya kazi alizofanya. Hapa cheti cha mwisho wa kazi kinakuwa na maana: mwajiri anapaswa kumupatia mufanyakazi karatasi inayoonyesha tarehe ya kuingia, ya kutoka, na kazi aliyofanya, hata kama waliachana vibaya.

INPP, iliyoundwa katika 1964, inafundisha kazi za mikono na za ufundi: umeme, mekaniki, ushonaji, ujenzi na zingine, na iko Bunia pia. Kampuni zinalipa muchango kwa INPP na kwa ONEM kila mwezi, mbali na ule wa CNSS. Hivi mufanyakazi aliyefukuzwa ameacha muchango kwenye biro tatu. Moja inamuchungia uzee, moja inamutafutia kazi, moja inamufundisha. Hakuna inayomulipia nyumba ya mwezi huu. Kwa hiyo, dekonti finali kutoka kwa mwajiri njo feza peke yake anaweza kutegemea, na njo inafaa kufuatwa kwanza.

Watumishi wa serikali

Kode ya Kazi haihusu watumishi wa serikali wenye matrikili, waaskari, polisi na majaji. Watumishi wa kazi za umma wako chini ya sheria namba 16/013 ya 15 Julai 2016, na kasha yao ya pansio ni CNSSAP, iliyoundwa kwa dekre ya Desemba 2015. Mutumishi aliyeondolewa kazini anadai kwanza kwa wakubwa wa utumishi wake kwa maandishi, haendi kwa inspekteri wa kazi. Lakini dereva ao mufagizi anayelipwa na kampuni ya binafsi, hata kama kila siku anafanya kazi ndani ya jengo la serikali, anabakia chini ya Kode ya Kazi.

Karatasi za kuchunga tangu siku ya kwanza

Dosie ya kufukuzwa haijengwe siku ya kufukuzwa. Siku ile mulango wa biro unaweza kufungwa na kompyuta kuchukuliwa. Wakaaji wa Ituri wanajua tena kwamba nyumba inaweza kuchomwa na karatasi zote kuisha. Hizi njo za kuchunga, na kila moja ipigwe picha na kutumwa kwa telefone ya ndugu mwenye kukaa pahali pengine:

- kontra ya kazi na kila karatasi iliyoibadilisha;
- fishi za mushahara, ao ujumbe wa benki na wa mobile money;
- namba ya CNSS, iandikwe pia pembeni, sababu karatasi ikipotea namba inabakia;
- barua za konje, na tarehe za konje iliyochukuliwa;
- barua za onyo na majibu yake;
- barua ya kufukuzwa, dekonti finali, na cheti cha mwisho wa kazi;
- fotokopi yenye kashe ya kila barua iliyopelekwa kwenye biro ya serikali.

Kwa mutu ambaye amefukuzwa wiki hii, mupango ni mufupi. Siku mbili za kwanza za kazi: aombe dekonti na cheti kwa maandishi. Ikipita hapo bila jibu, apeleke barua kwa inspekteri wa kazi bila kungojea mwisho wa mwezi. Wakati dosie inatembea, apite CNSS kuhesabu miezi yake, na ONEM kujiandikisha.